Baba wa Kukodi

Nekesa, mama,

Karatasi hii nimeikunja nikaitia ndani ya kiatu chako kipya cha kulia, kwa maana hicho ndicho unachoanza nacho kila asubuhi, halafu cha kushoto unakitafuta chini ya kitanda ukinung'unika. Kwa hivyo usipige nduru ukidhani ni panya. Ni babako. Isome kabla ya chai, kabla hatujafunga mlango, kwa sababu tukishafika steji itakuwa haina kazi tena.

Naandika nikiwa hapa kibandani, juu ya kreti ya soda, na baiskeli ya watu imelala miguu juu ikinitazama. Wewe umeenda kwa senge wako kunyolewa nywele za shule. Vumilia. Huyo dadangu aliwahi kuninyoa nikiwa mdogo akaniachia kichwani njia ya kupitisha mbuzi. Akimaliza kunyoa atakuhutubia: sabuni, sodo, kufuli ya sanduku, usimwazime mtu beseni, usikubali kulala kitanda cha juu karibu na mlango. Yote ni kweli na mimi sitayarudia. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili timamu. Mimi, kama nilivyokusikia ukimwambia rafiki yako, "ni wa kuchekesha tu, bana."

Mwandiko utausamehe. Darasa la sita niliingia lakini sikutoka upande ule mwingine. Ukiona l imekaa mahali pa r, iache hapo hapo, imechoka.

Unakumbuka nilipong'olewa gego hapo Kitale? Daktari alinidunga ile sindano ya ganzi, nikarudi nyumbani nikaanza kula, na mama yako akapiga kelele, "Wewe mzee, unajila!" Nilikuwa nimeuma mdomo wangu mpaka damu inachuruzika kwenye ugali, na mimi natafuna tu. Mdomo upo lakini si wako. Basi, tangu tumzike mama yako wakati wa kuvuna, mimi niko hivyo mwili mzima. Ugali najua ni ugali kwa kuuona. Chai naitia sukari mara mbili kwa sababu sikumbuki kama nimetia, na nikiionja haisemi chochote.

Watu wa matanga walinitazama wakingoja nilie. Sikulia. Badala yake nilimwuliza kasisi kama kaburi limepimwa vizuri, kwa sababu marehemu hakuwahi kukubali kupunjwa sokoni. Wachache walicheka, halafu wakakumbuka mahali walipo. Wewe ulinitazama. Ule mtazamo niliuona, Nekesa. Nilijua ni wa nini. Sikuuhisi tu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya ghala nikimtafuta yule kuku mweusi anayetaga kwa siri. Wewe ulikuwa upande huu mwingine unaongea na Mjomba Patrick kwa simu, na simu yenyewe umeiweka ile sauti ya kusikika na kijiji kizima.

"Mjomba, si wewe ndiye uje kama mzazi," ulisema. "Baba atanifikisha steji ya Kitale, halafu nakukuta kwa geti."

"Na yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Sijamwambia. Mjomba, unamjua. Ataanza mambo yake mbele ya walimu. Ataniaibisha siku ya kwanza."

"Ee, babako ni babako," mjomba wako akasema. "Sawa mama. Nitavaa suti."

Nilisimama hapo na yai mkononi, bado lina joto. Nikangoja niumie. Niliyangoja maumivu hivi, kama mtu aliyeona umeme na sasa anangoja radi. Haikuja. Nikalipeleka yai jikoni, ukanikaangia, nikala. Nikasema chumvi imezidi, na sijui kama ilikuwa imezidi.

Sikuandikii kukulaumu. Patrick ni mtu safi. Ni ndugu wa mama yako, ana kazi ya ofisi hapo Bungoma, ana tai tatu na anajua wapi pa kuweka mkono akiongea na mwalimu mkuu. Na wewe una sababu. Sababu yenyewe niliitengeneza mimi, hapa hapa kwenye kibanda hiki, na watu wa steji bado wananiita kwa jina lake. Hadithi za baba wa kukodi umezisikia tangu ukiwa mgongoni. Lakini umesikia nusu inayochekesha.

Unajua zilivyoanza. Shule ikimfukuza mtoto inamwambia, "Usirudi hapa bila mzazi." Mtoto anashuka steji na sanduku lake, anaogopa kufika nyumbani, anaona kibanda cha fundi wa baiskeli na ndani yake mzee mwenye mvi za heshima. Wa kwanza aliruka ua kwenda kutazama mpira. Akaniambia, "Mzee, si unisaidie. Uwe baba yangu kidogo tu, mpaka saa ya chakula." Nilikuwa na koti langu la kahawia la harusi. Nikalivaa. Malipo yalikuwa soda na nusu mkate.

Habari zikaenea. Nikawa baba wa Wekesa, baba wa Kamau, baba wa Kipchumba. Siku moja nikawa baba wa Abdi, na kabla ya kuketi nikajisahau nikafanya ishara ya msalaba mbele ya mwalimu mkuu. Kijana akafumba macho. Mwalimu akasema, "Mzee Abdi, karibu," kwa upole sana.

Na kuna yule naibu aliyenikazia macho akasema, "Mzee, mimi nakufahamu. Mwaka jana si ulikuwa baba ya Kamau?"

Nikamsogelea, nikashusha sauti. "Ni kweli, mwalimu. Na mama zao hawajuani. Tafadhali niwekee siri."

Akanishika mkono. Mwanamume mwenzangu. Akamrudisha mtoto darasani bila hata kiboko.

Hiyo ndiyo nusu yako. Nyingine ni kwamba mimi nilipenda. Si soda niliyopenda. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu aliniambia nilete baba. Babangu alikuwa akichunga ng'ombe wa shamba la watu huko Endebess. Alinisikiliza akiwa amejiegemeza kwenye fimbo yake, akasema, "Kama wanataka mzazi, waje wao. Mimi nina ng'ombe." Sikurudi tena. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenifuata. Ilikwisha tu, kama njia inayoingia kwenye majani. Kwa hivyo uzeeni, nikiingia ofisi ya mwalimu mkuu, nikavutiwa kiti, nikaletewa chai ya maziwa kwenye kikombe chenye kisahani, nikaitwa mzazi... Mama, hata wewe ungependa.

Niliwaona wazazi wa kweli pale nje kwenye benchi. Walikuwa wanatetemeka. Mwanamke anakunja na kukunjua leso. Mwanamume mkubwa, mwenye trekta lake, anatoa jasho kama mtoto. Mimi nilikuwa nawapita nikiwachekea. Mtoto si wangu, aibu si yangu, kwa nini nitetemeke? Ubaba wa namna hiyo ni mwepesi. Ukimalizika unavua koti.

Na kwa shule zenu, wewe na kaka zako wawili, nani alienda? Mama yako. Kila mkutano. Nilimwambia mimi siwezi, walimu wakuu wote wa Kitale wananijua kama baba wa watu wengine. Alicheka. Nadhani alicheka mara ya kwanza na ya pili. Baadaye alikuwa akifunga kile kitambaa chake cha manjano kichwani bila kuniambia anaenda wapi, anafunga mlango polepole, anaenda. Akirudi nilimwuliza, "Walikupa chai?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalo.

Sasa ngoja nikuambie habari ya Ndiwa. Hii hukuisikia kibandani kwa sababu haina mahali pa kuchekea. Nimeitafuta sana.

Ndiwa unamjua. Ndiye anayeleta maziwa na pikipiki kutoka huko juu Endebess, yule mpole ambaye hanywi chai ya mtu. Unamwona akija kutia upepo kwenye magurudumu na kuniita "baba", na wewe unadhani ni heshima tu, kama vijana wote wanavyoita wazee. Ndiwa alikuwa mmoja wa wanangu.

Alikuja bila soda. Alikuwa na maparachichi mawili ndani ya sweta la shule. Akasema, "Mzee, nimeambiwa nilete baba."

"Babako yuko wapi?"

"Hayuko."

"Na mamako?"

"Yuko. Lakini hawezi kuja."

Na mimi nikasema, "Haya, ngoja nivae koti."

Fikiria, Nekesa. Baiskeli ikiletwa hapa naiuliza maswali mpaka mwenyewe anachoka. Imeanza kulia lini? Inalia ukikanyaga au ukiteremka? Inalia ukiwa peke yako au ukibeba mtu? Kijana ananiambia mamake hawezi kuja, na mimi siulizi kwa nini. Nilikula parachichi moja njiani.

Siku hiyo hatukupelekwa kwa naibu. Tulipelekwa kwa mwalimu wa ushauri, mama kijana, chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mipira. Hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa nasi, magoti karibu kugusana. Mimi sikupenda. Meza ni nzuri, inajulisha kila mtu mchezo ni upi.

"Mzee, sikukuita ili tumwadhibu," alisema. "Kijana wako anatoroka kila Jumamosi na anarudi mwenyewe Jumapili. Hanywi pombe, hafuati wasichana. Nimemwuliza, hasemi. Simu ya nyumbani haishikwi. Nataka unisaidie. Kuna nini nyumbani?"

Ndiwa aliinua kichwa. Tangu kibandani alikuwa akitazama viatu vyake, lakini sasa alimtazama yule mwalimu, na mdomo wake ukaanza kufunguka. Niliuona. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na hii karatasi.

Nikaogopa. Nilijua akiongea, uongo wangu utatoka nje na miguu yake minne. Basi nikafanya kazi yangu. Nikasimama nikampiga kofi, la sauti, lile la wazazi. "Nyumbani hakuna kitu!" nikasema. "Chakula kipo, maziwa yapo, mama yuko! Mtoto ni mkaidi tu! Mwalimu, usimbembeleze huyu, mpe adhabu!"

Ilikuwa kazi nzuri, mama. Hata mimi niliamini. Mkono uliniuma.

Mwalimu alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Halafu akasema, "Basi. Kama mzazi amesema." Na mdomo wa Ndiwa ukafungika.

Muhula ule haukuisha kabla hajaacha shule. Baadaye sana, amekuwa mtu mzima, ndipo niliposikia, si kutoka kwake, kutoka kwa jirani yao aliyeleta baiskeli. Mamake alikuwa amelala kitandani, nusu ya mwili imekufa. Siku za juma dada yake mdogo alimhudumia. Jumamosi Ndiwa alikuwa akipanda nyumbani kumgeuza, kumfulia, kumwogesha, ili yule mtoto wa kike apumzike. Ndiyo hayo. Hiyo ndiyo ilikuwa pombe yake.

Siku moja nilipokuwa namkazia nati za gurudumu nikamwuliza. Nilitaka kuuliza kwa mzaha, lakini mzaha haukufika. Nikasema, "Ndiwa, siku ile kwa yule mwalimu, ungesema nini?"

Aliendelea kupampu. Akasema, "Sijui, baba. Ulikuwa umeshasema."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kuliweka neno lake.

Koti lile sikulivaa tena isipokuwa matangani. Ukilipata mfukoni lina ganda la mbegu ya parachichi, usilitupe. Sijui kwa nini nakuambia usilitupe. Lakini usilitupe.

Turudi kwako. Ile barua ya shule yako mpya ya Bungoma uliiweka chini ya redio. Sikuipekua. Ilikuwa imelala chali na macho yangu yakapita. Wanasema kila msichana wa gredi ya kumi atakuwa na mwalimu mlezi, na wasichana wachache pamoja wataitwa familia, na siku ya kuripoti mzazi ataketi na huyo mwalimu aseme mambo kuhusu mtoto ambayo hayaonekani kwenye matokeo ya mtihani. Na kila muhula arudi tena waongee. Wameandika neno refu, ushirikiano. Hapa kibandani hatuna neno. Mmoja anashikilia gurudumu lisizunguke, mwingine anakaza nati. Ukiwa peke yako unaweza kukaza siku nzima na halikazi.

Nilicheka kwanza. Swali lile lile. Kuna nini nyumbani? Limenizunguka kwa njia ya Kimilili likanikuta Bungoma.

Halafu nikachukua penseli nikajaribu kulijibu, kwa siri, kama mwanafunzi anayejaribu mtihani wa wenzake. Nikaandika: huvaa kiatu cha kulia kwanza. Nikaandika: hula ukoko wa ugali kabla ya ugali. Nikaandika: husema anapenda hesabu, uongo, anampenda mwalimu wa hesabu kwa sababu hafokei mtu. Nikakaa. Jua likahama kutoka kwenye pampu mpaka kwenye mlango. Sikuwa na lingine. Miaka yako yote, na ningemaliza kabla chai haijaletwa. Mama yako angeandika ukuta mzima na angeomba chaki nyingine.

Ndipo likanijia moja, na hilo mama yako hakulijua kwa sababu limeanza akiwa ameshaondoka.

Wewe unafua, Nekesa.

Siku ile baada ya maziko uliosha sufuria zote, hata zile za jirani zilizokuwa zimeshaoshwa. Senge wako akakusifu. Halafu ukaanza na kitambaa cha mama yako, kile cha manjano. Kila Jumapili unakifua na kukianika kule nyuma ya choo, mahali unapodhani sipiti. Hakuna aliyekivaa. Hakuna aliyekichafua. Unakifua kwa sabuni, unakisuuza mara nyingi, unakikamua mpaka vidole vinakuwa vyeupe, na kimeanza kupauka. Ile manjano sasa inakaribia maziwa. Nimekuona tangu mwanzo. Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Hii nyumba, sabuni inaliwa na nani?"

Ukanitazama ule mtazamo wa kaburini.

Mimi nilikuwa nimekusudia kusema kitu kingine. Sijui kipi. Mdomo haukuwa wangu.

Sasa fikiria bweni. Huko kila mtu anafua. Nani atajua tofauti ya msichana anayefua kwa sababu nguo ni chafu na msichana anayefua kwa sababu nyingine? Watakusifu. Watakuita mfano wa kuigwa. Watakupa cheo cha usafi na utepe wa kifuani, na wewe utaendelea kufua mpaka ngozi ya mikono itoke, na mwalimu mlezi atapita akisema, "Nekesa, vizuri sana." Mjomba Patrick kesho atawaambia una bidii, una adabu, unatoka familia ya watu wa kanisa. Kweli tupu. Lakini kuhusu kitambaa hajui. Hawezi kusema asilolijua, hata akivaa suti mbili.

Nilifikiria kumpigia simu nimwambie. Nikaona nitakuwa nimekodi mtu.

Wala sitakudanganya kwamba nimebadilika. Nikikalishwa kwenye kiti cha ofisi, mdomo huu unaanza wenyewe. Naweza kumwuliza mwalimu wako kama ameolewa. Naweza kuuliza kama familia yake ya wasichana inalipa mahari au inapokea. Najijua. Unachoogopa kipo, hujakibuni. Ninachoweza kusema ni hiki: nikiwa pale nitasema habari ya kitambaa kwanza, kabla ya mzaha, nikiwa bado sijaonja chai. Nitamwambia, mwalimu, ukimwona huyu anafua kitu kilicho safi, usimsifu. Vuta kiti ukae naye. Usiweke meza katikati. Halafu baada ya hapo, Mungu anisaidie.

Na kama si mimi, basi ni wewe. Hili ndilo pekee ninalotaka utoke nalo kwenye karatasi yote hii, mengine yaache kwenye kiatu. Mtu akikuuliza kuna nini nyumbani, na mdomo wako ukaanza kufunguka, uache ufunguke. Hata kama kuna mzee pembeni yako. Hata kama mzee huyo ana koti zuri.

Yule daktari wa meno aliniambia ganzi huisha yenyewe, na ikiisha ndipo maumivu yanapoanza, nisishtuke. Mimi nangoja. Wewe ukianza kabla yangu, usiningoje. Huko utakuwa na mtu wa kumwambia, nami nitakuwa hapa na spoki zangu.

Kitambaa nimekianua. Upepo wa Januari umejaa vumbi na kamba ile imelegea. Sikukitia ndani ya sanduku. Nimekikunja nikakiweka juu yake. Ndani au nje, hiyo ni kazi yako.

Asubuhi Ndiwa atakuja na pikipiki kubeba sanduku na godoro mpaka steji. Amejitolea mwenyewe, sikumwomba. Akiniita baba mbele yako usicheke, na usimwulize chochote. Mpe chai. Labda kwako atakunywa.

Sisi tutatembea nyuma yake. Nitavaa koti la kahawia. Nimelipiga pasi, limekuwa na alama ya pasi mgongoni, kwa hivyo nitatembea nyuma yako usilione. Tukifika steji ya magari ya Bungoma, yule makanga mwenye kofia atatukimbilia kama kawaida yake, atashika sanduku kabla hatujasema tunaenda wapi, na atauliza, "Mzee, ni mmoja ama wawili?"

Swali kama hilo nimezoea kulijibu upesi, mbele ya walimu na manaibu, kwa watoto ambao hata majina yao nilikuwa nimeyashika njiani. Kesho sitalijibu. Nitatazama upande wa mlima kana kwamba sijasikia.

Ukisema mmoja, nitainua sanduku juu, nitamtukana makanga kidogo ili asilirushe, na nitarudi kibandani. Sitanuna. Mjomba wako atakuwa kwa geti, na ya kitambaa utayasema mwenyewe.

Ukisema wawili, nitampigia Patrick aiweke suti mpaka harusi yako.

Mimi nitanyamaza, mama. Jibu wewe.

Babako,
huyu ambaye hujamkodi